Cheti cha ICU cha wiki sita: kitakufaa nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa stashahada, nina miaka minane kazini, mitatu ya mwisho nipo ICU katika hospitali moja hapa Tanga. Kwenye grupu letu la WhatsApp limetumwa tangazo la kozi ya ubobezi wa kimataifa wa uuguzi wa wagonjwa mahututi. Ni wiki sita, yote kwa simu, laki saba na nusu. Wanasema ukimaliza unapata cheti kinachotambulika dunia nzima, unaandika herufi nne baada ya jina lako, mshahara unapanda na Uarabuni wanakuita. Nimeshalipa laki mbili za kushika nafasi. Mume wangu anafanya kazi bandarini, yeye anasema bora nisome shahada, lakini tuna watoto wawili wadogo na Dar ni mbali. Kuna kijana ameletwa juzi na shahada yake, ananirekebisha mbele ya ndugu wa wagonjwa kana kwamba mimi ni mwanafunzi. Halafu mwezi uliopita mama mmoja alitufia kwenye zamu yangu ya usiku. Presha yake ilikuwa nzuri mpaka saa tisa, saa kumi tukampoteza. Tangu hapo silali vizuri, naona kama ningekuwa na cheti ningejua. Nimalizie laki tano na nusu zilizobaki au niache?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu usije ukalipa huku unasoma: hizo laki tano na nusu zibaki mfukoni mwako. Sasa tuzungumze taratibu, maana umeniuliza cheti, lakini barua yako ina mshahara, ina safari ya nje, ina huyo kijana, na ina yule mama. Hayo hayatibiwi na karatasi moja.

Ulichonacho mkononi tayari ni usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hiyo ndiyo ruhusa ya kumgusa mgonjwa, na hakuna kozi ya mtandaoni inayoipanua hata kidogo. Ukimaliza hizo wiki sita hutakuwa na ruhusa ya kufanya jambo lolote wodini ambalo leo huna ruhusa nalo. Unayo pia elimu yako ya stashahada, iliyo kwenye ngazi za NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ukipanda juu ya hapo, shahada na uzamili viko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Halafu kuna kozi fupi, zile za siku mbili au wiki moja, za kumzindua mgonjwa aliyesimama moyo na kadhalika. Na kuna kitu cha nne ambacho tangazo lako limejivika nguo zake: cheti cha ubobezi kinachotolewa na chombo cha wanataaluma kwa mtu ambaye tayari anaifanya kazi hiyo, baada ya mtihani.

Mfano maarufu wa hicho cha nne ni CCRN ya Marekani, inayosimamiwa na shirika la vyeti la chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi cha huko, AACN. Nadhani ndizo herufi nne ulizoahidiwa. Angalia wanavyompata mtu wao. Kwanza awe na leseni hai ya uuguzi ya Marekani. Pili awe amemhudumia mgonjwa mahututi kwa mikono yake saa 1,750 ndani ya miaka miwili, au saa 2,000 ndani ya miaka mitano. Kisha anakaa kwenye mtihani wa maswali 150 kwa saa tatu. Akifaulu, cheti kinaishi miaka mitatu tu, kisha anatakiwa aonyeshe kwamba bado yuko kazini na bado anasoma, la sivyo herufi zinaondoka kwenye jina lake.

Hapo pa mwisho ndipo ninapopapenda. Sisi tumezoea kufurahia cheti kisichoisha muda, tunakiwekea fremu na kukitundika sebuleni. Kwenye ubobezi ni kinyume. Kinachokipa thamani ni kwamba kinaweza kukutoka. Dawa zinabadilika, miongozo ya sepsisi, yaani maambukizi yanayoushambulia mwili mzima, inabadilika, mashine za kupumulia zinabadilika, na muuguzi aliyefaulu zamani kisha akahamia ofisini siye yule tena. Kozi inayokupa "ubobezi wa maisha" bila mtihani wa kusimamiwa, bila saa za wodini, bila tarehe ya kuisha, na bila hata mtu kuomba kuiona leseni yako, imekuuzia risiti. Wanaoziendesha ndio waja leo waondoka leo wa kweli: mwakani mwajiri akitaka kuhakiki, ile namba ya simu haipatikani.

Mshahara. Nadhani wewe ni mtumishi wa umma, kwa hiyo umewekwa kwenye muundo wa utumishi. Afisa Muuguzi Msaidizi, yaani wewe mwenye stashahada, na Afisa Muuguzi mwenye shahada ni kada mbili, na ngazi za mshahara wa afya zinafuata kada na daraja. Afisa utumishi hana mahali pa kuingiza cheti cha wiki sita, hata kama ni kizuri. Anachoweza kuingiza ni shahada kutoka chuo kinachotambulika, ikasajiliwa na Baraza, kisha ukaomba kubadilishiwa kada. Na hata hapo si siku ya pili: nafasi iwepo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, na fedha iwepo kwenye bajeti. Nawajua wenye shahada kabatini wanaosubiri barua. Nakwambia mapema ili usije ukakopa kwa matumaini ya mshahara wa Julai.

Uarabuni na kwingineko: kila nchi ina mlango wake, na hakuna mlango kati ya hiyo unaofunguliwa na cheti cha WhatsApp. Saudia wanahakiki nyaraka zako moja moja kutoka chuoni na kwa mwajiri kupitia DataFlow, kampuni ya uhakiki, kisha unafanya mtihani wa kompyuta wa Prometric. Uingereza, Baraza lao la NMC linataka Kiingereza kwanza, kwa mtihani wa IELTS ni alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza na 6.5 kwenye kuandika, kisha mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyiwa kulekule. Marekani ni NCLEX, mtihani wao wa leseni. Wote watataka barua ya Baraza letu kwamba leseni yako haina doa, na waajiri wengi watataka uzoefu wa wodi. Miaka yako mitatu ya ICU, ikiandikwa vizuri kwenye barua ya mwajiri, ina uzito kuliko karatasi unayouziwa.

Basi ubobezi wenyewe una faida, au ni mapambo? Una faida, na imepimwa. Mwaka 2011 watafiti akiwamo Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha uchambuzi wa hospitali 652 za majimbo manne ya Marekani. Hospitali iliyokuwa na wauguzi wengi zaidi wenye shahada pamoja na cheti cha ubobezi ilikuwa na vifo vichache zaidi ndani ya siku 30. Kila nyongeza ya asilimia 10 ya wauguzi wa aina hiyo iliendana na uwezekano wa kifo kupungua kwa asilimia 2. Nyongeza kama hiyo ya wauguzi wenye shahada iliendana na punguzo la asilimia 6. Na matokeo yaliyowashangaza wengi: cheti cha ubobezi juu ya elimu isiyofika shahada hakikuonyesha tofauti yoyote. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba cheti ndicho kilichookoa, huenda hospitali nzuri huvutia wauguzi wenye vyeti. Lakini ukiusoma, unaona mumeo hajakosea sana.

Neno walilotumia watafiti hao ni kushindwa kuokoa: mgonjwa anapata tatizo linalotibika, dalili zipo, na hakuna aliyeziunganisha kwa wakati. Hili linatuleta kwa yule mama.

Sikuwapo na sijaona chati yake, kwa hiyo sitasema angepona wala asingepona. Nitakueleza jinsi presha inavyomdanganya mtu mwenye bidii, kwa sababu sentensi yako, "presha yake ilikuwa nzuri mpaka saa tisa", nimeisikia kwa wauguzi wenye vyeti vya kila rangi, na kwa madaktari pia.

Presha inatokana na vitu viwili: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma, na jinsi mishipa ilivyokaza. Mgonjwa akipungukiwa damu au maji, mwili haukai kimya ukasubiri presha ishuke. Moyo unaongeza mwendo, na mishipa ya ngozi, ya utumbo na ya figo inakaza, ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo. Namba ya juu inabaki pale pale. Mtu mzima anaweza kupoteza hata asilimia 30 ya damu yake kabla haijaporomoka. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni zaidi ya lita moja. Kwa hiyo presha ikishuka ujue mwili umeshaishiwa mbinu. Ndiyo maana saa tisa alikuwa "mzuri" na saa kumi hayupo. Hali inaonekana ya ghafla kwa sababu tulikuwa tunaangalia kipimo kinachosema mwisho.

Chukua chati hii niliyoitunga kwa ajili ya wanafunzi. Saa tatu usiku: presha 118/74, mapigo 92, pumzi 20, mkojo mililita 45 kwa saa. Saa sita: 116/78, mapigo 108, pumzi 24, mkojo 25. Saa nane: 112/84, mapigo 122, pumzi 30, mkojo 12. Mwanafunzi anayesoma namba ya juu peke yake anaandika "stebo", yaani ametulia, mara tatu. Sasa soma namba ya chini: inapanda. Pengo kati ya juu na chini lilikuwa 44, likawa 38, likawa 28. Hiyo ni mishipa inakaza. Mkojo unatakiwa usipungue nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa huyu wa kilo 60 ni 30, na saa sita tayari uko chini. Mshike miguu utaikuta baridi. Bonyeza ukucha, ukichelewa zaidi ya sekunde tatu kurudi rangi umepata shahidi mwingine. Kwa sepsisi picha hutofautiana, mara nyingi namba ya chini ndiyo inayotangulia kushuka na miguu huweza kuwa ya moto, lakini pumzi na mapigo vinasema mapema vilevile. Kwenye chati hii, wakati wa kumwita daktari ulikuwa saa sita.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzetu hawapendi kulisikia. Fungua chati za wodi yoyote, uangalie safu ya pumzi. Wagonjwa wote wanapumua 20. Mwenye nimonia 20, mwenye goti 20. Hatuhesabu, tunakadiria, kwa sababu kuhesabu dakika nzima kwa wagonjwa wengi na muuguzi mmoja ni kazi. Lakini ndicho kipimo kisichohitaji mashine, na kinachobadilika mapema kuliko vingi.

Nimechagua mfano huu makusudi. Muhimbili walijaribu kwenye ICU yao mpango wa muuguzi kufuata vipimo hivi na kuchukua hatua iliyoandikwa mara tu kimoja kinapovuka mpaka, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Vifo vya jumla havikupungua, lazima niseme hivyo. Lakini kwa wagonjwa waliofika presha ikiwa tayari imeshuka, vifo vilitoka asilimia 92 hadi 69. Hawakuwa na mashine mpya wala wabobezi wapya. Walikuwa na karatasi ukutani, mafunzo ya muda mfupi, na ruhusa ya muuguzi kuanza kitu bila kusubiri.

Kwa hiyo ulipoandika "ningekuwa na cheti ningejua", nakubali nusu. Maarifa haya yanafundishika, na kozi nzuri inayafundisha. Nusu nyingine ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja usiku, wagonjwa wangapi sijui, na daktari pengine yuko nyumbani. Hayo huyabebi peke yako. Mwombe mkuu wa wodi kikao cha kupitia kifo kile, chati ikiwa mezani, kwa nia ya kujifunza na si kutafuta mkosaji. Na usingizi ukiendelea kukukataa, au ukaanza kuogopa kwenda zamu, nenda ukaonane na mtu wa afya ya akili ana kwa ana, hospitalini kwenu au kwingine kama unaona haya. Sisi tunaowapeleka wengine ndio wa mwisho kwenda.

Huyo kijana mwenye shahada, siku akitulia, mchukue pembeni umwambie kwa adabu: "Mdogo wangu, ukiona nimekosea niambie, lakini si mbele ya ndugu wa mgonjwa." Kisha mwulize alichosoma. Baadhi yao wanajua kwa nini na bado hawajui vipi. Wewe unajua vipi. Mkikaa upande mmoja wodi inapona. Asiposikia, mpelekee muuguzi mfawidhi.

Sasa pesa na muda wako. Ningekuwa mimi, mwaka huu ningetafuta kozi ya kumzindua mgonjwa, ile ya msingi na ile ya juu, zinazofuata miongozo ya chama cha moyo cha Marekani. Kadi yake inaisha baada ya miaka miwili na unafanya kwa mikono kwenye mdoli mbele ya mkufunzi. Kabla hujalipa kozi yoyote uliza kama Baraza limeipa pointi za mafunzo endelevu, maana hizo unazihitaji kuhuisha leseni. Kisha muombe mfawidhi akuandikie barua ya kukaa wiki chache kwenye ICU kubwa, Muhimbili, MOI ya mifupa hapohapo Muhimbili, au KCMC ya Moshi. Kutoka hapa KCMC inafikika. Unashika njia ya Korogwe na Same, jioni upo Moshi. Wiki mbili za kusimama nyuma ya muuguzi anayejua mashine ya kupumulia zinazidi video elfu. Uliza hivi: alamu ya presha kubwa ya hewa kwenye mashine ikilia, unaanza wapi? Anayejua hatazima alamu. Ataangalia mgonjwa kwanza, bomba la pumzi limehama au limeziba, kifua kinapanda pande zote mbili, ndipo aigeukie mashine.

Shahada usiifute. Ni miaka minne MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na vyuo vingi, na huko mbele MUHAS ina uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi; kwetu njia ya kuwa mbobezi inapita zaidi chuoni kuliko kwenye mtihani wa chama. Chuo Kikuu cha Aga Khan hapo Dar kina njia ya shahada kwa wenye stashahada walio kazini, lakini kwa mtu wa Tanga bado ni kuhama au kuwa kiguu na njia. Toa vyeti vyako uangalie GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya stashahada. Vyuo vingi vinaanzia 3.0, pamoja na ufaulu wa sayansi wa kidato cha nne. Mwongozo wa TCU wa kila mwaka unaeleza chuo kwa chuo. Ikiwa GPA yako iko chini, ni bora ujue leo.

Kwa watoto, sitakuambia uwaache wala uwabebe, hilo la wewe na baba yao. Nitakuambia tu kwamba ruhusa ya masomo inayopitia mpango wa mafunzo wa hospitali inakuacha na mshahara wako, na kuondoka bila barua ni utoro kazini. Hivyo mtu wa kumwona wiki hii ni afisa utumishi. Nenda na nakala ya stashahada na leseni yako, umwulize mambo mawili: jina lako linaweza kuingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka upi wa fedha, na wenzako waliorudi na shahada walichukua muda gani kubadilishiwa kada. Swali la pili atalikwepa, lirudie.

Zile laki mbili, waandikie kwa maandishi, si kwa kupiga simu, uombe zirudishwe, na uwaulize jina la chombo kinachotoa cheti na kama Baraza linakitambua. Wakijibu na kukurudishia, vizuri. Wakikutolea maneno ya "nafasi yako itapotea", hifadhi ujumbe wote na namba ya muamala, upeleke polisi dawati la makosa ya mtandao kama unaona umetapeliwa. Usiongeze hata shilingi kwa kusikitikia iliyokwisha kwenda. Na uweke ujumbe kwenye lile grupu, wengine wako wanahesabu za kwao.